Uzi: Kubashiri raundi mbili za kwanza za tenisi ya Wimbledon, na kwa nini tuhesabu mechi za nyasi kabla ya kusoma majina

#1 – Mwenye daftari, Mji wa Kale

Waungwana, assalaam aleikum, na wale wenye salamu nyingine nawaamkia kwa heshima ileile.

Nimefungua uzi huu kabla droo, yaani mpangilio wa nani atakutana na nani, haijatoka, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Droo hutolewa Ijumaa, siku tatu kabla ya mechi za kwanza kuchezwa Jumatatu, na mara tu inapotoka macho yetu huvutwa na majina makubwa, tukasahau yote tuliyojifunza mwaka uliotangulia. Pale barazani kwetu tunalo daftari la mistari ambalo hupita mkono kwa mkono baada ya swala ya alasiri, muuza kahawa akiwa ameweka dele lake kando, na kila mmoja huandika nani atashinda na kwa seti ngapi. Kalamu nyekundu hukaa kwangu, kwa kuwa mimi ndiye ninayesahihisha. Kurasa za mwaka 2025 zimejaa wekundu kiasi kwamba nimezisoma upya mara nyingi nikitafuta tulipokosea, na ninayoyaandika hapa ni matokeo ya kusoma huko.

Kwa wageni wa mchezo huu, Wimbledon ni mashindano ya tenisi ya London yanayochezwa kwenye nyasi, na droo yake ina wachezaji 128 upande wa wanaume na 128 upande wa wanawake. Kila upande, 32 walio bora hupewa nambari za heshima ili wasikutane wao kwa wao kabla ya raundi ya tatu. Maana yake ni kwamba katika raundi mbili za kwanza kila mwenye nambari hupambana na asiye na nambari, na hapo ndipo wengi wetu hudhani kwamba kubashiri ni kuandika tu jina la mkubwa. Mwaka 2025 wachezaji 23 wenye nambari, yaani wanaume 13 na wanawake 10, walitolewa katika raundi ya kwanza peke yake. Zverev aliyekuwa nambari 3 alitolewa na Arthur Rinderknech kwa seti tano. Medvedev alitolewa na Benjamin Bonzi. Coco Gauff, nambari 2, alitolewa na Dayana Yastremska kwa 7-6, 6-1.

Huyu Gauff ndiye ninayetaka tumtazame kwa karibu. Tarehe 7 Juni alikuwa amebeba kombe la Roland Garros, mashindano makubwa ya Paris, tena kwa kumshinda Sabalenka aliyekuwa wa kwanza duniani, kwa hiyo sote tulimwandika bila kufikiri. Lakini kombe lile lilikuwa la udongo. Kwenye nyasi alikuwa amecheza mechi moja tu, mjini Berlin, na akashindwa. Yastremska kwa upande wake alikuwa ametoka kufika fainali ya Nottingham, kwenye nyasi, mwezi huohuo. Laiti tungalihesabu mechi za nyasi za kila mmoja badala ya kuhesabu makombe, sidhani kama tungaliandika 6-2, 6-2 kwa Gauff, kama nilivyoandika mimi kwa mkono wangu.

Tuwatazame sasa wale wanaotoka kwenye mchujo. Kila droo ina nafasi 16 za watu hao, na hakuna anayeipata nafasi hiyo bila kushinda mechi tatu za nyasi huko Roehampton katika juma linalotangulia. Huyu huingia raundi ya kwanza miguu yake ikiwa imeshazoea kuteleza na kusimama, na mkono wake umeshajua mpira wa nyasi unaruka chini kiasi gani. Mwaka 2025 Lorenzo Musetti, aliyeumia paja kwenye nusu fainali ya Roland Garros na hakucheza mechi yoyote ya nyasi kabla ya Wimbledon, alikutana na Nikoloz Basilashvili aliyetoka kwenye mchujo, akashindwa kwa seti nne. Holger Rune alikuwa mbele kwa seti mbili dhidi ya Nicolas Jarry, mtu mwingine wa mchujo, akashindwa kwa tano.

Ninalielewa jambo hili kutokana na uwanja wetu wenyewe, ule wa saruji tunaochezea. Miezi hii kusi ikivuma alasiri, mpira wa juu unaopigwa kutoka upande wa baharini hubebwa mpaka nje ya mstari, na ule unaopigwa kutoka upande wa pili husimama hewani kama uliofungwa kamba. Alikuja mgeni mmoja kutoka Nairobi, kijana mwenye mkono mzuri kuliko sisi sote. Kule juu, mita zaidi ya 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira hukimbia wenyewe. Hapa hewa ni nzito, ina unyevu na chumvi, na mipira yake ilikuwa ikifia wavuni. Siku ya kwanza alipigwa na mzee wetu mmoja aliyepita umri wa miaka hamsini, ambaye hakufanya lolote ila kukata mpira chini na kuuacha upepo umalizie kazi. Siku ya pili walitoshana nguvu. Siku ya tatu kijana alikuwa amekwisha kuusoma upepo, na mzee hakupata hata gemu tatu.

Ndivyo ninavyoziona raundi mbili za kwanza za Wimbledon. Mwenye nambari anaweza kuwa bora mara mbili kuliko mpinzani wake na bado akawa mgeni wa nyasi kwa siku hiyo moja, na siku hiyo moja ndiyo tunayoibashiri. Kinachobaki ni kujiuliza kama atapewa muda wa kuzoea kabla mechi haijaisha.

Hapo ndipo idadi ya seti inapoingia. Wanaume hucheza mpaka mmoja ashinde seti tatu, wanawake mpaka mmoja ashinde mbili, na muda huo wa wanaume humpa mkubwa nafasi ya kuwa mwenyeji ndani ya mechi ileile. Mwaka 2010, raundi ya kwanza, Federer alikuwa nyuma kwa seti mbili dhidi ya Alejandro Falla, na Falla akafikia kupiga sevu, yaani mpira wa kuanzisha, ya kuimaliza mechi. Federer alinusurika, akashinda 5-7, 4-6, 6-4, 7-6, 6-0. Itazameni ile 6-0 ya mwisho: ni mtu yuleyule, alasiri ileile, ila alikuwa ameshazoea. Mwaka 2025 Alcaraz, bingwa mtetezi, alizungushwa na Fabio Fognini mwenye umri wa miaka 38 kwa zaidi ya saa nne na nusu, na seti ya tano ikaisha 6-1. Kwa wanaume, basi, huwa siandiki mshangao kwa sababu tu mdogo yuko katika hali nzuri. Nauandika pale mdogo anapokuwa na sevu isiyorudishika, kwa kuwa sevu ya namna hiyo haimpi mgeni nafasi ya kujifunza chochote.

Mfano wangu mkubwa ni wa mwaka 2003. Lleyton Hewitt, bingwa mtetezi, alifungua uwanja mkuu dhidi ya Ivo Karlović, aliyekuwa nafasi ya 203 duniani na aliyetoka kwenye mchujo. Seti ya kwanza Hewitt alichukua 6-1. Nakumbuka mjomba wangu alizima televisheni akasema kwamba hapa hapana mechi. Karlović alikuwa na urefu wa mita 2.11, na mpira wake wa kuanzisha ulikuwa ukishuka kutoka juu kama nazi inayoanguka. Alipoacha kutetemeka tu, Hewitt, ambaye alikuwa miongoni mwa warudishaji bora wa sevu wa zama zake, hakupata tena pa kuushika mchezo: 7-6, 6-3, 6-4. Tangu siku hiyo huwa sibadilishi ubashiri kwa kuitazama seti ya kwanza.

Liko jambo la mwisho kabla sijawaachia nafasi. Nyasi za Jumatatu ya kwanza si zile za juma la pili. Siku za mwanzo zingali mbichi na zina unyevu, hasa paa la uwanja mkuu linapofungwa kwa sababu ya mvua. Mwaka 2021, siku moja, uwanja mmoja, mechi mbili zilizofuatana, Adrian Mannarino aliteleza akaumia goti na kuiacha mechi dhidi ya Federer seti zikiwa mbili kwa mbili, kisha Serena Williams akateleza na kutoka akilia kabla ya seti ya kwanza kwisha. Mchezaji anayekuja na jeraha la nyonga, la paja au la kifundo cha mguu, mimi simwandiki katika raundi ya kwanza hata akiwa nani.

#2 – Mkaazi wa Likoni

Ndugu mwenye daftari, aleikum salaam. Nimesoma kwa makini na nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, lakini hesabu yako ya mechi za nyasi ina tundu ambalo sitaki lipite kimya.

Jessica Pegula mwaka 2025 alishinda kombe la Bad Homburg, la nyasi, siku mbili tu kabla ya Wimbledon kuanza. Kwa kanuni yako huyo ndiye aliyekuwa mwenyeji kuliko wote. Elisabetta Cocciaretto alimtoa raundi ya kwanza 6-2, 6-3. Alexander Bublik vilevile alibeba kombe la Halle, kisha akatolewa raundi ya kwanza na Jaume Munar, ambaye wengi tunamjua kwa udongo. Mimi nilijifunza kutoka kwao kwamba anayebeba kombe muda mfupi kabla huingia Wimbledon akiwa ametumika mwili na roho. Nilikuwa tayari kuiandika kama sheria, lakini ikanikwama mahali pamoja: aliyeshindwa na Pegula katika fainali ileile ya Bad Homburg ni Iga Świątek, na huyohuyo ndiye aliyebeba kombe la Wimbledon, tena kwa 6-0, 6-0 katika fainali. Wote wawili walicheza siku zilezile, kwenye nyasi zilezile, wakachoka pamoja. Utatueleza vipi?

#3 – Mwenye daftari, Mji wa Kale

Kaka, umenigusa pale palipo laini, na nakushukuru. Nimelala na swali lako.

Nadhani kosa langu lilikuwa kuzihesabu mechi kama mtu anayehesabu mifuko ya mchele, kwamba iliyo mingi ndiyo bora. Mechi tatu za Roehampton zinamnufaisha mtu kwa sababu zinamtoa ugenini, lakini kwa aliyekwisha kuzoea, mechi ya nne na ya tano hazimwongezei kitu zaidi ya uchovu. Świątek ndiye aliyekuwa akizihitaji, kwa kuwa nyasi zilikuwa zikimshinda miaka yote iliyotangulia na Bad Homburg ilimpa alichokosa. Hata hivyo raundi ya kwanza hakupita kirahisi. Polina Kudermetova alimbana 7-5 katika seti ya kwanza kabla ya ile ya pili kuwa 6-1. Kuhusu Pegula, sitajificha nyuma ya uchovu peke yake. Cocciaretto alipiga mipira mikali iliyonyooka kuanzia gemu ya kwanza, na mechi, ambayo kwa wanawake haizidi seti tatu, ilikwisha kabla Pegula hajapata jibu.

Kwa hiyo narekebisha: nitaangalia kama mchezaji amecheza mechi za kutosha za nyasi, kati ya mbili na nne, na aliyebeba kombe Jumamosi nitampa ushindi wa raundi ya kwanza kwa tahadhari, nikiongeza seti moja kwa mpinzani wake. Bublik angenipata hata hivyo. Alikuwa amepumzika juma zima tangu Halle, na sina maelezo mazuri zaidi ya kwamba Munar alirudisha kila mpira.

#4 – Dada wa Tudor

Salaam kwenu nyote. Naomba tusizitaje mechi za wanawake kana kwamba ni bahati nasibu kwa sababu ya seti tatu. Mara nyingi dalili huwa wazi, ila hatuziangalii.

Mwaka 2024 Markéta Vondroušová alikuwa bingwa mtetezi, na Jessica Bouzas Maneiro wa Uhispania akamtoa raundi ya kwanza 6-4, 6-2. Magazeti yalishangaa, kwa sababu bingwa mtetezi wa wanawake hakuwa ametolewa mapema hivyo tangu Steffi Graf mwaka 1994. Lakini Vondroušová alikuwa ameteleza Berlin na kuumia nyonga siku chache kabla, na aliyefuatilia habari hiyo hakuwa na sababu ya kushangaa. Mwaka 2025 Ons Jabeur wa Tunisia, aliyefika fainali mara mbili, 2022 na 2023, aliiacha mechi yake ya kwanza dhidi ya Viktoriya Tomova kwa kukosa pumzi. Siku ile London ilikuwa na joto la zaidi ya nyuzi 32. Sisi wa Pwani tunalijua joto la namna hiyo, tunajua linavyomaliza miguu ya mtu aliyekuja bila nguvu kamili, na nasikitika kwamba sikuitazama hali ya hewa kabla ya kumwandika dada yetu kwa mapenzi.

Tunapozungumzia nyasi, tukumbuke pia kwamba jina la Kenya limo kwenye orodha ya mabingwa wa Wimbledon. Mwaka 2022 Angella Okutoyi, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, walibeba kombe la wasichana wa wawili wawili kwa 3-6, 6-4, 11-9. Mmoja wa walioshindwa siku hiyo ni Victoria Mboko wa Kanada, ambaye mwaka 2025 alibeba kombe kubwa la wanawake mjini Montreal. Nayataja haya kwa sababu ya ubashiri wenyewe: anayefuatilia mechi za vijana huwajua wasio na nambari miaka mitatu kabla ya wengine kuwajua.

#5 – Mwalimu wa tenisi, Nyali

Nawasalimu. Mimi hufundisha watoto, na ninayo nyongeza moja ya ufundi.

Mnapotazama droo, tazameni namna mchezaji anavyoshika raketi na anavyosimama. Mwenye kuzungusha mkono wa mbele kwa mduara mkubwa, akisimama mita mbili au tatu nyuma ya mstari, amejengwa na udongo, ambako mpira huruka juu na kumsubiri. Nyasi hazimsubiri. Mpira huteleza chini, unamfikia kwenye vifundo mduara ukiwa haujakamilika, na makosa huanza. Mwenye kupiga kwa ufupi na kukata mpira wa mkono wa nyuma, hata kama ni wa nafasi ya 90 au ya 110, huyo ni wa kuogopwa siku mbili za kwanza. Huwaambia wanafunzi wangu wapige magoti kana kwamba wanaokota embe lililoanguka, na anayekataa kukunja magoti hatachezea nyasi hata siku moja.

Nakubaliana na mwenye daftari kuhusu sevu kwa wanaume. Ningemwongezea Lukas Rosol, wa nafasi ya 100, aliyemtoa Nadal raundi ya pili mwaka 2012 kwa seti tano. Seti ya nne Nadal alichukua 6-2 na sote tukasema Rosol amekwisha. Kisha mechi ikasimamishwa ili paa lifungwe kwa ajili ya taa, na Rosol akarudi akipiga sevu kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, 6-4. Yale mapumziko yalimfaa yeye kuliko mkubwa, na mechi za jioni zinazokatizwa ni jambo la kuandikwa pembeni ya daftari lenu.

#6 – Kijana wa Kisauni

Shikamooni wakubwa zangu. Naomba kuuliza, ubashiri huu mtu anaweza kuutilia pesa?

#7 – Mwenye daftari, Mji wa Kale

Marahaba mwanangu. Kwa hapa, hapana. Watu tunaoujadili mchezo huu kwa miaka tulikosea katika mechi nyingi za juma moja, na ningeona vibaya shilingi yako ya chakula ipotee kwa maneno yangu. Lete ubashiri wako tuusome, na kahawa utakunywa bure.

Mwalimu, hili la kutazama magoti nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza. Dada, la hali ya hewa pia nimelipokea, na nitaongeza safu ya joto na mvua kwa kila siku.

Utaratibu wetu basi ni huu. Droo hutolewa Ijumaa asubuhi ya London, ambayo kwetu ni karibu na adhuhuri. Mechi za viwanja vya pembeni huanza Jumatatu saa saba mchana kwa saa zetu, na bingwa mtetezi wa wanaume hufungua uwanja mkuu saa tisa na nusu. Bashiri zote ziwe hapa kabla ya saa saba. Jina sahihi ni alama moja, idadi sahihi ya seti ni alama nyingine, na anayetabiri kutolewa kwa mwenye nambari aandike na sababu yake, kwa kuwa mshangao usio na sababu sitaupa alama hata ukitokea.

#8 – Mkaazi wa Likoni

Naanza mimi, bila kusubiri majina. Yeyote wa mchujo mwenye urefu wa karibu mita mbili atakayepangiwa mwenye nambari ambaye hajacheza nyasi tangu Roland Garros, namwandika yeye, seti nne. Na bingwa mtetezi wa wanaume namwandika ashinde, lakini apoteze seti moja, ya pili.